Makofi Yaliyotangulia

Kila jioni, duka la vitasa na bawaba lililokuwa karibu na Gerezani, Kariakoo, lilifungwa kwa namna ambayo majirani walizoea kuicheka. Heriel, muuzaji wa duka hilo, hakuushusha mlango wa chuma kwa mikono kama wenzake. Aliuvuta kwa kipande cha nondo kilichopindwa ncha, ukateremka hadi usawa wa magoti, kisha akaumalizia kwa kuukanyaga kwa kisigino, mikono yote miwili ikiwa mifukoni. Safari, aliyefanya kazi pamoja naye dukani humo na ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alimwita Bwana Vidole. Aliwaambia wasukuma mikokoteni kwamba vidole vya Heriel vimekatiwa bima, na kwamba siku kimojawapo kitakapobanwa na mlango bendera zitapepea nusu mlingoti.

Heriel hakukasirika, maana utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, aliyezaliwa na kukulia Magomeni katika nyumba ya mama yake, na kuajiriwa na mjomba wake, Mzee Severine, mwenye duka. Mchana aliuza makomeo. Lakini alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, nacho ni kuwa mpiga piano. Hakusema mpiga kinanda. Kinanda cha kwaya alikipiga kanisani tangu utotoni, na huko mpigaji huwafuata waimbaji kama mtu anayemsindikiza mgeni kituoni. Akikosea, sauti arobaini humfunika. Heriel alitaka kukaa peke yake mbele ya watu, pasipo kwaya, asikilizwe yeye.

Kwa miaka minne, kila Jumatano baada ya kufunga duka, alikwenda Upanga, ghorofa ya tatu ya jengo lisilo mbali na hospitali kuu, kwa mwalimu wake Mama Bharti. Mama huyo wa jamii ya Kihindi, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa na miaka sabini na mmoja, piano moja nyeusi iliyoegemezwa ukutani, na mume mpole aitwaye Mzee Kishor, fundi wa miwani mstaafu, ambaye muda wote wa somo alikaa dirishani na gazeti asilolifunua kurasa.

Kila mwaka, mwezi wa Septemba, wanafunzi sita wa Mama Bharti hupiga piano kubwa ya jukwaani katika ukumbi mmoja wa Upanga, mbele ya watu mia mbili walioalikwa. Heriel alikuwa ameliomba jukwaa hilo mwaka uliotangulia, akakataliwa. Mwaka huu, mwezi wa Januari, aliomba tena, na Mama Bharti akamwekea sharti.

"Hapa kwangu nimekwisha kuujua mkono wako," alimwambia. "Hofu yako siijui. Nenda ukapige peke yako mbele za watu mara kumi, kisha uniletee habari."

Akampa daftari la jalada la bluu alilolipiga mistari mwenyewe kwa rula. Kulikuwa na safu ya tarehe, safu ya mahali, safu ya saini ya shahidi aliyekuwapo, na safu ya mwisho, pana kuliko zote, ambayo kichwa chake kilisomeka *Kilichotokea*. Hapo mwanafunzi alitakiwa kuandika sentensi moja tu, ya kweli.

Kipande alichopewa kukipiga kilikuwa cha kurasa mbili, cha mwendo wa polepole, nacho kilikuwa na jambo moja gumu. Kabla ya mstari wa mwisho palikuwa na kituo. Mpigaji huinua mikono, huhesabu nne moyoni, kisha hurudi. Mama Bharti alikitilia mkazo kituo hicho kuliko noti zote. Alisema kwamba kimya kile nacho ni muziki, kwamba ndipo watu wanapovuta pumzi, na kwamba mpigaji anayekiruka ni mwoga.

Mara tatu za kwanza Heriel alizitafuta mwenyewe, na zote zilimtia simanzi. Ya kwanza ilikuwa uani kwa mama yake, Magomeni, katika sherehe ya kipaimara ya mtoto wa jirani. Aliazima kinanda kidogo cha betri, akakiweka juu ya meza ya kukatia mboga, akapiga. Alipofika kwenye kituo na kuinua mikono, Bi Sophia, mama mtu mzima wa nyumba ya pili, aliyekuwa akikaanga vitumbua pembeni, alimuuliza kwa sauti ya huruma kama amesahau. Watu wakacheka. Heriel alimaliza masikio yakimwaka moto. Bi Sophia ndiye aliyetia saini, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani, na katika safu ya mwisho Heriel akaandika: *Niliulizwa kama nimesahau.*

Mara ya pili, katika chai ya kumuaga muuguzi aliyestaafu, mtu alitumia kituo kile kuomba chumvi. Mara ya tatu, mbele ya akina mama wa jumuiya, mwenyekiti alidhani amemaliza, akaanza kusoma taarifa. Heriel aliandika yote hayo kwa uaminifu. Kisha akaenda kwa Kaka Benedict.

Huyu Benedict, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisani kwao. Ndiye aliyemfundisha Heriel tangu akiwa na miaka tisa, akisimama nyuma yake na kuviongoza vidole vyake kwa vidole vyake mwenyewe. Baba yake Heriel alipofariki, Benedict ndiye aliyesimama mahali pake siku ya kipaimara. Mbali na kwaya, alikuwa na vyombo vya muziki alivyokodisha kwenye sendofu na harusi, spika nne ndefu, kinanda kikubwa, na mashine ya kuchanganyia sauti yenye vitufe vingi kama meno ya kitana.

Alisikiliza shida ya kijana wake hadi mwisho, akamshika bega. Alisema kwamba wageni wanapokula ukumbini huwa kuna dakika kumi ambazo hazina mwenyewe, na kwamba dakika hizo kuanzia siku ile ni zake Heriel. Alitaka jambo moja tu, yaani avae hedifoni.

"Wapigaji wakubwa hawasikilizi ukumbi, mdogo wangu," alisema. "Ukumbi una vijiko, una watoto, una mashangazi. Wewe jisikilize mwenyewe. Mengine niachie mimi."

Basi kuanzia Aprili hadi Agosti Heriel alipiga mara saba katika kumbi za harusi za Kariakoo, Ilala na Magomeni. Utaratibu ulikuwa uleule. Mshereheshaji alimtaja jina, yeye akaketi na kuvaa hedifoni, dunia ikazimika, akabaki na sauti ya kinanda masikioni tu. Kisha akamtazama Benedict, aliyesimama nyuma ya mashine yake upande wa kulia. Benedict aliinua mkono wa kushoto akamhesabia, moja, mbili, tatu, na Heriel akaingia. Mkono ule ulioinuliwa ulimpa moyo usio na kifani. Aliwahi kumwambia mama yake kwamba hata baba mzazi asingemhesabia vile.

Na watu walipiga makofi. Hilo ndilo lililomshangaza. Lakini kila mara makofi yalitangulia. Heriel alipoinua mikono kwenye kituo na kuhesabu moja, mbili, tayari aliona viganja vikigongana kwenye meza za wageni, wengine wakimwinulia glasi, ilhali mstari mzima ulikuwa bado. Yeye aliushusha mstari wake wa mwisho huku wao wakiwa wamekwisha kurudi kwenye pilau. Alijieleza kwamba watu wa mjini hawana subira na kimya, na katika safu ya mwisho ya daftari akaandika, mara saba, sentensi ileile: *Walipiga makofi mapema.*

Jumatano moja ya mwisho wa Julai Mama Bharti alizisoma zile tano zilizokuwa zimekwisha kuandikwa, kwa kuzifuata na kidole.

"Walipiga makofi katika kituo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kila mara?"

"Kila mara, tangu nianze kupiga ukumbini."

Mama Bharti alimtazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Mzee Kishor naye aliinua macho kwenye gazeti lake, akayarudisha. Kisha mwalimu akafunga daftari na kumwambia aanze mazoezi ya kupanda na kushuka noti. Heriel hakuona lolote la ajabu. Alikuwa akihesabu saini, na saini zilibaki mbili.

Mwisho wa Agosti zilitimia kumi. Siku alipolikabidhi daftari, Mama Bharti alilipokea kwa mikono miwili, akasema ameliona, wala hakuongeza neno. Heriel aliichukua hiyo kuwa ndiyo. Alimwomba Mzee Severine ruhusa ya Jumamosi ya onyesho wiki mbili kabla, akamwambia mama yake anyooshe kitenge chake kizuri, na hata Safari akaahidi kuoga. Kwa siku zile chache, alipoukanyaga mlango wa duka jioni na kusikia vicheko, aliinama kidogo kuwashukuru, kama mtu aliye jukwaani.

Jumanne ya wiki ya onyesho, saa nane mchana, wateja walipopungua kwa sababu ya jua, simu yake ililia. Ilikuwa salamu kutoka kwa Leticia, bibi harusi wa mwezi Julai, binti wa muuza miwani mmoja wa Kariakoo. Alikuwa amepokea video za harusi yake kutoka kwa mpiga picha, akaona si vyema kutomshukuru aliyewapigia wakati wa chakula, na akaambatisha kipande chake. Heriel hakuwa amewahi kujiona akipiga. Aliiegemeza simu kwenye boksi la komeo, akamwita Safari, wakatazama.

Safari alianza kwa kuisifu suti. Kisha akaisogelea simu.

"Simamisha hapo. Rudisha nyuma kidogo."

"Nini?"

"Mikono yako iko juu."

"Ni kituo hicho. Ndivyo kipande kilivyoandikwa."

"Sawa, ni kituo. Ila muziki unaendelea, kaka. Hapo unapiga kwa miguu?"

Heriel alirudisha nyuma. Kwenye kioo alijiona amefumba macho, mikono imeinuliwa mbali na kinanda, midomo ikihesabu. Na kutoka kwenye spika za ukumbi ule, piano iliendelea bila kusita, ikaingia mstari wa mwisho, ikaumaliza. Makofi yakapigwa. Hapo ndipo yule Heriel wa kwenye video alipofumbua macho, akarudisha mikono yake na kuanza kupiga kitu ambacho hakikusikika na mtu yeyote.

Alirudisha tena. Mara hii aliona jambo jingine. Katikati ya ukurasa wa pili alikuwa ametoa leso kwa mkono wa kuume kujifuta jasho, naye alikumbuka vema kwamba siku ile alipoteza noti sita na kujilaumu wiki nzima. Katika video hazikupotea. Zilisikika zote, safi, na baada ya noti ya mwisho ya kipande palisikika kijimkia kidogo cha noti tatu za juu, kilichopigwa kwa kidole cha mwisho. Kijimkia hicho hakikuwamo kitabuni. Heriel alikijua tangu akiwa na miaka tisa. Hapakuwa na wimbo ambao Benedict aliumaliza pasipo kukiweka, nao watoto wa kwaya walizoea kukiita chenji ya mwalimu.

Alielewa yote papo hapo, kama mtu anayewashiwa taa. Masikio yake yalikuwa yamezibwa ili asisikie. Mkono wa kushoto ulioinuliwa ulimhesabia, na wa kulia, kwenye mashine, ulibonyeza flashi yenye muziki ambao Benedict alikwisha kujirekodi akiupiga, na kuizima njia iliyopeleka sauti ya kinanda cha Heriel kwenye spika. Watu waliomshangilia mara saba walimshangilia Benedict. Yeye walimtazama tu.

Safari hakutania. Jioni ile aliushusha mlango wa duka mwenyewe, kwa mikono yake, akamwambia Heriel aende zake.

Jumanne ni siku ya mazoezi ya kwaya. Heriel alifika kabla ya waimbaji, akamkuta Benedict peke yake akikunja nyaya, kila waya ukizungushwa kati ya kiganja na kiwiko. Alimwamkia shikamoo kama kawaida, na marahaba ikaitikiwa kama kawaida. Desturi ilikwenda yenyewe, pasipo kuwangoja wao. Kisha akampa simu.

Benedict alitazama hadi mwisho. Hakukana, wala hakushtuka sana. Alionekana kama mtu aliyefikiwa na jambo alilojua litakuja, akawa amelitayarishia maneno. Alisema kwamba harusi si chumba cha masomo. Akasema kwamba ukumbini, spika zikinyamaza sekunde nne, mshereheshaji hushika maikrofoni, bwana harusi hudhani vyombo vimeharibika, na jina linaloharibika ni la mwenye vyombo. Kisha akaongeza kwamba, zaidi ya yote, hakutaka kuona kijana wake akichekwa tena kama alivyochekwa Magomeni.

"Nilikukinga, Heriel. Ulitaka uzoefu, nami nikakupa. Ulikaa mbele za watu, ulitetemeka, ulijifunza kuvaa suti na kuinama. Huo nao ni uzoefu."

"Uliwahi kunisikiliza?"

"Nimekusikiliza tangu una miaka tisa."

"Nauliza hizi mara saba. Uliwahi kufungua njia ya kinanda changu, hata kwa ajili yako peke yako, ukasikia ninavyopiga?"

Benedict aliuangalia waya mkononi.

"Sikuwa na haja," alisema. "Nilijua."

Heriel alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini jibu lile liliyaondolea yote maana. Angeweza kumsamehe mtu aliyemsikia na kumwona hafai. Huyu hakumsikia. Alikuwa amesimama mita tano kutoka kwake mara saba, akimhesabia kwa mapenzi, na udadisi wa kubonyeza kitufe kimoja haukumjia. Heriel alitoa mfukoni ufunguo wa kabati la kinanda cha kanisa, alioaminiwa nao kwa miaka kumi na mmoja, akauweka juu ya rundo la nyaya. Benedict alimwita mara mbili kwa jina la utotoni. Hakugeuka.

Kesho yake, Jumatano, alipanda ngazi za Upanga akiwa ameamua. Hakuna aliyekuwa akijua ila Safari na Benedict, na hakuna kati yao ambaye angesema. Daftari lilikuwa na saini kumi, na mashahidi wote walitia saini kwa nia njema. Angeweza kunyamaza, na Jumamosi akapanda jukwaani. Alilifikiria jambo hilo kwa dhati usiku kucha, na hatuna haki ya kulificha. Lakini safu ile ya mwisho ilidai sentensi moja ya kweli, na saba kati ya sentensi zake zilikuwa si za kweli, ingawa aliziandika akiamini.

Kwa hiyo alimweleza Mama Bharti kila kitu, akiwa amesimama, kuanzia hedifoni hadi kijimkia. Mzee Kishor alilishusha gazeti. Alipomaliza, mwalimu wake alifungua mtoto wa meza na kutoa karatasi ya rangi ya maziwa iliyochapwa kwa wino wa zambarau. Ilikuwa ratiba ya Jumamosi. Majina yalikuwa sita, la kwanza Rinkal, la mwisho Jeet. La Heriel halikuwamo.

"Hii ilichapwa lini, Mwalimu?"

"Wiki tatu zilizopita."

Mzee Kishor ndiye aliyeeleza, kwa sauti ya chini, kwamba baba yake Leticia ni rafiki yake wa kazi, kwamba alialikwa kwenye harusi ile, na kwamba meza yake ilikuwa nyuma kidogo ya kinanda. Aliiona mikono juu, akausikia muziki ukiendelea. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe.

"Mlijua tangu Julai," Heriel alisema.

"Nilijua kwamba hukuwa wewe uliyepiga," Mama Bharti alijibu. "Sikujua kwamba wewe hujui. Nilidhani mmepatana na huyo bwana. Nikangoja uje uniambie mwenyewe."

"Nimekuja hapa kila Jumatano tangu siku ile. Umenifundisha, umenipa chai, huku ukidhani mimi ni mwongo."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza tu, Mwalimu. Swali moja."

Mama Bharti alivua miwani. Alisema kwamba alikuwa amekosea, na kwamba katika miaka arobaini ya kufundisha hakumbuki kama amewahi kumwambia mwanafunzi neno hilo. Kwa muda mfupi Heriel alitazamia kwamba kosa lililokiriwa lingefuatwa na jina kuongezwa. Badala yake mwalimu alichukua rula na kalamu nyekundu, akalifungua daftari la bluu, akapiga mistari saba iliyonyooka juu ya mara saba za ukumbini. Zilibaki tatu za juu, zile za aibu, yaani vitumbua, chumvi na taarifa ya mwenyekiti.

"Mimi nimekukosea," alisema akimrudishia daftari. "Lakini hapa zipo tatu. Zikitimia kumi, lete. Na Jumamosi karibu ukae nasi mbele."

Heriel alishukuru, akaaga kwa adabu zote alizofundishwa. Kwenye ngazi, katikati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, aliketi kwa muda. Mtu mmoja alimdanganya kwa kumpenda, na mwingine akamdhania uongo kwa kuipenda kweli. Na wote wawili hawakumuuliza kitu. Hakujua ni lipi kati ya hayo lililomuuma zaidi. Watu wa jengo walimpita na mifuko yao ya mboga, wakimwambia pole bila kujua ni pole ya nini.

Jumamosi hakwenda Upanga. Ruhusa ya Mzee Severine alikuwa nayo, kitenge cha mama yake kilikuwa kimenyooshwa, na Safari, aliyeoga kweli, alifika Magomeni saa tisa alasiri akiwa na shati jeupe, asijue aende wapi. Uani palikuwa na watu wa kila siku. Mama yake Heriel alichambua mchele. Wapangaji wawili walikuwa wakifua, na Bi Sophia alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya jiko la vitumbua. Heriel alikwenda kuazima kile kinanda kidogo cha betri, akakiweka juu ya meza ya kukatia mboga. Hakuvaa suti. Hakuomba wanyamaze.

Alipiga. Betri zilikuwa dhaifu, na kibonye kimoja cha upande wa kushoto kiligoma, akalazimika kukizunguka. Alikosea noti mbili katika ukurasa wa kwanza, akazisikia, na alijua kwamba kila aliyekuwa uani pale amezisikia. Simu yake, iliyolazwa kando ya kinanda, ilitetemeka na kuwaka jina la Benedict, kwa mara ya tisa tangu Jumanne. Aliiacha itetemeke hadi ikachoka. Wafuaji walipunguza kusugua. Safari alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, viganja vikiwa tayari magotini, kwa maana alikuwa ameazimia kupiga makofi kuliko mtu yeyote.

Alifika kwenye kituo, akainua mikono.

Moja. Mafuta yalichemka kwenye karai. Mbili. Hapakuwa na kiganja kilichogusa kiganja. Safari alimtazama usoni, akakumbuka alichokiona kwenye simu, akaitia mikono yake kwapani. Tatu.

"Mwanangu," Bi Sophia alisema taratibu, kijiti cha kugeuzia kikiwa hewani, "umesahau tena?"

"Sijasahau, Bibi. Nangojea."

Bi Sophia aliitikia kwa kichwa, naye akangojea. Nne ikapita, pengine na tano, kisha Heriel akarudisha mikono na kuushusha mstari wa mwisho mpaka mwisho wake, bila mkia.

Makofi ya Safari yalifuata, na ya wengine machache yenye povu la sabuni. Heriel hakuinama. Alichomoa daftari la bluu, akaandika tarehe na mahali chini ya ile mistari saba myekundu, akampelekea Bi Sophia kalamu. Mama huyo alifuta mafuta vidoleni, akaandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto. Ilibaki ile safu pana. Safari alichungulia juu ya bega lake, akamshauri aandike kwamba uwanja ulijaa na watu wengine walikosa viti.

Heriel alifikiri kidogo, kisha akaandika: *Niliulizwa kama nimesahau.*